Mwenye pikipiki atafute chanzo kabla ya kununua kipuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wenzangu wanaomiliki pikipiki. Mimi ni fundi, na jambo ninalolishuhudia mara kwa mara ni mtu kuisukuma pikipiki yake hadi gereji na, kabla hata hajafuta jasho, kumwambia fundi abadilishe plagi, au koili inayoipa plagi umeme, au kabureta nzima inayochanganya petroli na hewa, kwa kuwa jirani yake alipopatwa na tatizo kama hilo alibadilisha kipuri hicho na chombo kikawaka. Kipuri kinanunuliwa, pikipiki inawaka kwa muda au haiwaki kabisa, kisha kinanunuliwa kingine. Kwa maoni yangu mwenye pikipiki halazimiki kuwa fundi, lakini analazimika kujua kuikagua na kutafuta chanzo cha hitilafu kwa utaratibu, kwa sababu kipuri kilichobadilishwa kwa kubahatisha huondoa hitilafu kwa bahati tu.

Nitoe mfano. Pikipiki yenye kabureta inawaka vizuri asubuhi, inakwenda mwendo mfupi, inaanza kukosa nguvu, inazima. Ikiachwa ipumzike dakika kadhaa inawaka tena, na baada ya mwendo uleule inazima. Niliyoletewa ikiwa na dalili hizo ilikuwa imekwisha kuwekewa plagi mpya na koili mpya, na kabureta ilikuwa imefunguliwa, ikasafishwa na kufungwa. Ilipozima mbele yangu nilifungua kifuniko cha tangi, ukasikika mlio mfupi wa hewa ikifyonzwa ndani, na muda mfupi baadaye kiki moja ikatosha kuiwasha. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupitishia hewa. Petroli inaposhuka ni lazima hewa iingie kujaza nafasi iliyoachwa, na tundu hilo likizibwa na vumbi au kutu, mvuto unaojengeka ndani ya tangi huizuia petroli isishuke hadi bakuli la kabureta linakauka. Waya mwembamba na upepo wa pampu vilimaliza kazi. Plagi na koili zilizotolewa hazikuwa na kosa lolote.

Injini ya petroli hudai mambo matatu ili iwake: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa, moto wa plagi unaokuja kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Pikipiki inapokataa kuwaka, mojawapo ya hayo limekosekana, na kazi ya mwenyewe ni kuuliza ni lipi, akianza na yale yasiyohitaji spana. Je, swichi ya kuzimia injini iliyopo kwenye usukani imeguswa na mkono kwa bahati mbaya? Je, koki ya mafuta imefunguliwa, na kama tangi linakaribia kwisha, imegeuzwa upande wa akiba? Je, gia imetolewa, na stendi ya pembeni imekunjwa, maana pikipiki nyingi za siku hizi zina swichi kwenye stendi inayokata moto wa injini? Maswali haya yanaweza kuonekana ya kitoto, lakini nimewaona watu wazima wakipiga kiki hadi wakaishiwa nguvu kwa sababu ya swichi nyekundu iliyokuwa mbele ya kidole gumba chao.

Yakishapita hayo, petroli hufuata. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia mafuta. Ikilegezwa huku koki ikiwa wazi, petroli inatakiwa itiririke mfululizo. Ikitoka kidogo kisha ikakatika, kizuizi kiko juu, yaani kwenye kifuniko, koki, kichujio au mpira wa mafuta. Ikitiririka vizuri, ikingwe kwenye chupa safi inayopitisha mwanga, kwa kuwa maji yakiwamo hukaa chini ya petroli kama matone yanayojitenga, na hakuna plagi itakayowasha maji. Pikipiki iliyokaa muda mrefu bila kutumika ina ugonjwa wake: petroli iliyomo kwenye bakuli hupoteza sehemu yake nyepesi na kuacha utando unaoziba tundu jembamba linalopitisha petroli injini inapounguruma taratibu, na matokeo yake ni injini inayowaka kwa choki tu, yaani kidude cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha, na kuzima mara choki inaporudishwa. Hapo ndipo kabureta inastahili kufunguliwa. Kwa pikipiki zisizo na kabureta, ambazo petroli hunyunyizwa kwa pampu ya umeme, mwenyewe afungue ufunguo na kutega sikio. Pampu hunguruma kwa sekunde chache kisha hunyamaza. Isiponguruma, aanze na fyuzi na betri kabla ya kuilaumu pampu.

Plagi ni shahidi mzuri kuliko wote, mradi tu ifunguliwe injini ikiwa imepoa, kwa sababu kichwa cha silinda ni cha aluminiamu na nyuzi zake hung'oka kirahisi kikiwa cha moto. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu kwenye ncha yake inasema injini inaungua vizuri. Nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli ni nyingi kuliko hewa, na mara nyingi kichujio cha hewa ndicho kilichoziba. Nyeusi iliyolowa oili inasema oili inapanda na kuingia katika chumba cha mwako. Nyeupe iliyokauka, hasa ikiwa na vipele vidogo vya kuyeyuka, inaonya kwamba injini inapata joto kupita kiasi, pengine kwa kuvuta hewa ya ziada mahali fulani baada ya kabureta. Ikiwa imelowa petroli baada ya kupigwa kiki nyingi, injini imemezeshwa mafuta. Ikaushwe, koki ifungwe, choki irudishwe, na kiki ipigwe mara kadhaa huku mshikio wa mafuta umefunguliwa hadi mwisho. Kuona kama plagi inatoa moto, ichomekwe kwenye kofia yake na sehemu yake ya chuma igusishwe vizuri kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ilimotolewa, kisha kiki ipigwe. Cheche ya buluu yenye mlio ni njema. Ya njano na dhaifu inatia shaka. Narudia neno mbali, kwa kuwa kupitia tundu hilo hutoka mvuke wa petroli, na cheche haichagui pa kuuwashia. Wakati wa kuirudisha, plagi izungushwe kwa vidole hadi ikae, ndipo spana itumike: takriban nusu mzunguko kwa plagi mpya, na chini ya hapo kwa iliyokwisha kutumika. Nafasi kati ya ncha zake kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.6 na 0.9, na kijitabu cha pikipiki husika hutaja kipimo kamili.

Mgandamizo mwenyewe anaweza kuuhisi kwa mguu. Kiki inayoshuka laini bila ukinzani, tofauti na ilivyozoeleka, ni dalili mbaya, na kutoka hapo kazi ni ya fundi, ingawa kuna jaribio dogo linalosaidia kujua tatizo liko wapi: kijiko cha chai cha oili hudondoshwa ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, na ukinzani ukirudi, ringi za pistoni ndizo zilizochoka, usiporudi, huenda valvu, yaani milango ya kuingizia mchanganyiko na kutolea moshi, hazifungi sawasawa.

Kutoka kwenye kutafuta hitilafu nije kwenye kuizuia isitokee, na hapa nitakaa zaidi kwenye oili na mnyororo, kwa kuwa ndivyo vinavyosahauliwa kuliko vyote na ndivyo vinavyogharimu.

Oili ya injini ya pikipiki nyingi ina kazi kubwa kuliko ile ya gari, kwa sababu oili hiyohiyo hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Hiyo ndiyo sababu ya kutotumia oili yoyote inayopatikana dukani. Oili nyingi za magari, hasa zile nyepesi zilizotengenezwa ili gari linywe mafuta kidogo, zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inayofanya kazi ndani ya oili hutegemea msuguano huohuo ili isiteleze. Mwenye pikipiki atafute kwenye kopo alama ya JASO MA, au MA1, au MA2, ambayo ni ya viwango vya Japani vilivyoanza mwaka 1998 na inahusu oili inayofaa klachi ya namna hiyo. Alama ya MB ni ya oili yenye msuguano mdogo, inayofaa skuta ambazo klachi yake iko nje ya oili. Uzito wa oili, yaani ilivyo nyepesi au nzito, uwe 10W-30, 10W-40 au 20W-50, uchukuliwe kwenye kijitabu na si kwenye mdomo wa muuzaji.

Kupima kiasi cha oili ni kazi ya dakika chache, lakini wengi huipima pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, na kipimo kinachopatikana hapo ni cha uongo. Isimame wima mahali tambarare, injini iungurume dakika chache, izimwe, na oili ipewe dakika mbili au tatu ishuke chini. Kijiti kifutwe kwa kitambaa, kiingizwe, kisha kisomwe. Katika pikipiki nyingi kijiti hicho huwekwa tu bila kukazwa nyuzi zake, na hapo pia kijitabu ndicho hakimu. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, pikipiki isiondoke. Ikizidi alama ya juu nayo ni hasara, kwa kuwa shinikizo huongezeka na sili huanza kuvuja. Rangi nyeusi peke yake isimtishe mtu, maana oili inayosafisha injini ni lazima ichafuke. Kinachotisha ni rangi ya chai ya maziwa, inayoonyesha maji yameingia, na chembe zinazong'aa za chuma, ambazo ni vipande vya injini yenyewe.

Wakati wa kubadilisha, injini iwe na joto kiasi ili oili itoke na uchafu wake, na boliti ya chini irudishwe na washa yake (pete ya kuzuia mvujo) ikiwa nzima, ikazwe kwa kiasi. Naomba wasomaji waamini kwamba boliti hiyo haihitaji kukanyagiwa spana kwa mguu. Kesi ya injini ni ya aluminiamu, na nyuzi zikishang'oka oili hudondoka njia nzima. Oili chafu isimwagwe mtaroni wala ardhini, ikusanywe kwenye chombo na kupelekwa inakopokelewa.

Mnyororo hudai umakini wa aina nyingine. Pikipiki ikiwa imesimama na gia imetolewa, mtu ashike mnyororo wa chini katikati ya sproketi mbili, yaani magurudumu ya meno yanayoubeba, na kuusukuma juu na chini kwa kidole, huku rula ikiwa pembeni. Kwa pikipiki nyingi za barabarani mchezo huo ni kati ya milimita 20 na 30, na za njia mbovu zenye shokomzoba ndefu huhitaji zaidi. Kipimo halisi mara nyingi kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na gurudumu la nyuma. Kisha gurudumu lizungushwe kidogo na kupimwa tena, na tena, kwa kuwa mnyororo uliochakaa hauchakai sawasawa: sehemu moja hulegea na nyingine hukaza, na marekebisho hufanywa pale ulipokaza zaidi. Wapo wanaoamini kwamba mnyororo uliokazwa kama uzi wa gitaa ndio salama. Wanasahau kwamba mtu anapoketi, gurudumu la nyuma hupanda na mnyororo hukaza zaidi ya ulivyokuwa, na mzigo wote huo huangukia beringi ya shafti ya gia na beringi za gurudumu. Nimebadilisha beringi nyingi zilizouawa na mikono yenye nia njema.

Nati ya ekseli ikilegezwa, virekebishi vya pande zote mbili visogezwe sawa kwa kufuata alama, la sivyo gurudumu litakaa upande na tairi litaliwa. Mwenye breki ya dramu akumbuke pia kwamba gurudumu likirudi nyuma huvuta fimbo ya breki, hivyo breki hubana. Ipimwe upya kabla ya kuondoka, pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 hivi. Klipu ya kiungo cha mnyororo hufungwa upande wake usio na mwanya ukielekea mnyororo unakokwenda. Meno ya sproketi yakianza kupinda kama ndoano, sproketi zote mbili na mnyororo vibadilishwe pamoja, kwani mnyororo mpya kwenye meno ya zamani huzeeka upesi. Na jambo moja lisilo na mjadala: mnyororo husafishwa na kupakwa oili injini ikiwa imezimwa, gurudumu likizungushwa kwa mkono. Kitambaa kikinaswa kati ya mnyororo na sproketi huku injini ikinguruma, vidole hufuata.

Mengine niyapitie kwa haraka. Upepo wa tairi hupimwa tairi likiwa la baridi, kwani joto la safari huongeza shinikizo, na anayepunguza upepo tairi likiwa la moto huliacha likiwa pungufu likipoa. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne zinazofuata herufi DOT na maandishi mengine ya kiwanda, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lenye vinundu vizuri bado linaweza kuwa zee. Kichujio cha hewa cha sponji huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa na kupakwa oili kidogo. Cha karatasi hakioshwi, hupulizwa kutoka ndani kwenda nje au hubadilishwa.

Breki za diski zina mafuta yake, ya daraja la DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyoelekeza, na kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa, ni vyema yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hata kama breki inaonekana nzima. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nayo. Kiasi kikishuka kwenye kikombe chake, ama pedi zimelika ama kuna mvujo, kwa hiyo kuongeza tu bila kutazama pedi ni kujificha ukweli. Mkono wa breki ukiwa laini kama sponji, hewa imeingia kwenye mfumo, na pikipiki hiyo isiendeshwe.

Kebo ya klachi inayoanza kukatika nyuzi moja moja karibu na mkono wake hutangaza mapema siku itakayokatika yote. Usukani ukikatwa kulia au kushoto na injini ikapandisha mlio yenyewe, kebo ya mafuta imebanwa mahali. Hiyo ni hatari ya leo, si ya kesho.

Kwa upande wa umeme, kipimo kidogo cha volti kinaokoa betri nyingi zinazotupwa bila hatia. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma takriban 12.6 au zaidi. Injini ikiungurumishwa kwa mwendo wa kati, usomaji upande hadi kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Usipopanda, betri haichajiwi na kununua nyingine ni kuipeleka mpya kwenye kifo kilekile. Ukipita 15, kirekebisha umeme kimeharibika na kitaipika betri. Betri ya maji huongezwa maji yaliyotoneshwa, si ya bomba wala asidi. Fyuzi iliyoungua ikibadilishwa na kuungua tena, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma, na anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi amechagua waya zote ziungue badala yake.

Valvu nazitaja mwisho kwa sababu ndizo zinazowadanganya hata wenye masikio makali. Kelele ya tiki tiki huwatia watu hofu, wakati valvu yenye nafasi kubwa kidogo kati yake na kinachoisukuma hupiga kelele tu na kupunguza nguvu kiasi. Iliyobana haina sauti. Kadiri valvu inavyozama kwenye kiti chake, nafasi hupungua, hadi inafika mahali haifungi kabisa, gesi ya moto inapenya na ukingo wake unaungua, huku mwenyewe akifurahia jinsi injini ilivyotulia. Nafasi hiyo hupimwa injini ikiwa ya baridi, kwa vipindi vilivyotajwa kwenye kijitabu, na asiye na vipimo vyake ampe fundi kazi hiyo.

Na anapokwenda kwa fundi, aende na dalili badala ya jina la kipuri. Aeleze pikipiki ilizima ghafla kama taa au ilidhoofika taratibu, ikiwa ya moto au ya baridi, ikipanda mlima au ikiwa imesimama. Moshi ulikuwa wa buluu, ambao ni wa oili, au mweusi, ambao ni wa petroli iliyozidi. Na nini kilifunguliwa mara ya mwisho, na nani, kwani hitilafu nyingi huanzia pale mkono wa mtu ulipopita. Aandike kilomita za kila badiliko la oili na plagi kwenye daftari dogo linalokaa chini ya kiti. Kipuri cha zamani akidai kionyeshwe, kisha aulize kimekutwa na kasoro gani. Fundi anayeijua kazi yake hataona swali hilo kuwa ni dharau.

Wako,
Fundi pikipiki